Niuze cherehani nikalipie warsha ya waimbaji?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, naishi Tabora mjini. Ni fundi cherehani, na naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia tangu nikiwa darasa la sita. Solfa, yaani nota za doh, re, mi, nasoma vizuri; nota za mistari kidogo tu. Kwa miaka miwili sasa moyo wangu umehamia kwenye uimbaji wa klasiki. Nimeona tangazo la warsha ya wiki sita kwa njia ya mtandao, ya waimbaji wa klasiki wanaochipukia: namna ya kujijengea jina na kupanga kazi. Ada ni dola 250. Wanataka kila mshiriki awe na picha rasmi, wasifu, tovuti na video mbili, nami sina hata kimoja. Nimefikiria kuuza cherehani. Mwalimu wetu wa kwaya anasema sauti yangu inatoka nje ya wenzangu, na kwamba kujitangaza ni kujikweza. Mjomba anasema nikitaka jina niimbe Bongo Fleva. Tena siku hizi baada ya mazoezi marefu sauti inakauka siku mbili tatu, ingawa nakunywa mayai mabichi na tangawizi. Nifanye nini? Au nimeshachelewa?"

Marahaba, mdogo wangu. Cherehani usiuze. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umetulia. Na hujachelewa: programu nyingi za kulea waimbaji vijana kwenye nyumba za opera, zile kumbi za michezo ya kuigiza inayoimbwa, huchukua watu hadi miaka 30 au zaidi kidogo, na sauti ya soprano, yaani hiyo sauti ya kwanza yako, huendelea kukomaa mpaka mtu apite miaka 25. Unao muda wa kufanya mambo kwa mpangilio, na mpangilio ndio hasa ninaotaka tuuzungumze.

Ninavyokuelewa, hofu yako ni kwamba wenzako wa nchi nyingine wanajua siri fulani ya kujitambulisha, siri hiyo inauzwa dola 250, na usipoinunua utabaki kuimba Tabora bila mtu kujua kwamba upo. Warsha za namna hiyo nimewahi kuhudhuria, na baadhi nimesaidia kufundisha. Si utapeli zote. Nyingine ni nzuri sana. Zinafundisha kuandika wasifu mfupi, kupanga orodha ya nyimbo na nafasi ulizoimba, kuchagua picha, kurekodi video ya usaili, kumwandikia mkurugenzi wa muziki barua inayosomeka, kusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi. Vyote hivyo vina faida kwa mtu mwenye nyimbo. Wewe ni fundi, unajua lebo inashonwa lini. Nguo ikiwa bado vipande mezani, lebo unaishona wapi?

Nilikuwa na umri kama wako nilipolipia warsha moja, kwa fedha niliyoichanga mwaka mzima Kigoma. Nilifika na picha nzuri na wasifu mzuri. Siku ya pili tukaulizwa kila mtu ataje nyimbo tano alizo tayari kuimba kesho yake asubuhi mbele ya jopo, kwa kuwa nyimbo tano ndizo usaili mwingi wa opera huomba. Mimi nilikuwa na mbili. Siku zilizobaki nilikaa nikisikiliza mambo ya kweli kabisa ambayo sikuwa na pa kuyatumia.

Neno "jina" lenyewe linachanganya watu. Kwenye muziki wa redio na simu, jina ni kujulikana na wengi. Kwenye klasiki anayekuajiri ni mtu mmoja au watatu: kiongozi wa okestra, mkurugenzi wa nyumba ya opera, jopo la mashindano, paroko mwenye kanisa kubwa na tamasha la Noeli. Wanataka kujua wewe ni sauti gani, umeimba nini na kwa lugha zipi, na kama ukipewa kazi unafika mazoezini ukiwa umeshaijua sehemu yako. Ukiyajibu hayo kwa ukweli na kwa namna ileile kila mara, hiyo ndiyo chapa yako. Idadi ya wanaokufuata mtandaoni haikudhuru, lakini haikupi nafasi.

Mtazame Pretty Yende wa Afrika Kusini. Alizaliwa mwaka 1985, akakulia akiimba kanisani kwenye mji mdogo kama walivyokulia wengi wetu. Akiwa na miaka 16 alisikia waimbaji wawili wa opera kwenye tangazo la ndege la televisheni, ndipo akauliza muziki huo unaitwaje. Akaenda kusoma uimbaji Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 2009 akashinda mashindano ya Belvedere, 2011 yale ya Operalia, 2013 akaimba Metropolitan Opera ya New York, na Mei 2023 akaimba kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Tatu. Hesabu miaka iliyopita kati ya tangazo lile na ushindi wa kwanza. Ilikuwa miaka ya darasani.

Sasa kauli ya mwalimu wako kwamba sauti yako inatoka nje. Hii usiichukulie kama tusi. Kwenye kwaya kila mwimbaji hupunguza mng'ao wa sauti yake ili waimbaji kumi wa sauti ya kwanza wasikike kama mtu mmoja. Mwimbaji wa peke yake hufanya kinyume. Okestra inapopiga, sehemu kubwa ya nguvu yake iko karibu na mitetemo 500 kwa sekunde, na kadiri unavyopanda kutoka hapo nguvu hiyo inashuka. Mwimbaji wa klasiki hujifunza kulipanga koo na kinywa mpaka sauti yake ipate mng'ao karibu na mitetemo 3,000, mahali ambapo okestra imepungua na sikio la mtu ni jepesi mno. Ndiyo sababu mtu mmoja bila maikrofoni anasikika mbele ya wapigaji sitini. Jambo hili liko wazi zaidi kwa wanaume na kwa sauti nzito. Soprano akipanda juu hutegemea zaidi namna anavyoachia taya na kufungua kinywa, nafasi ya ndani iitikie nota anayoiimba. Nguvu za kifua au za shingo hazihusiki.

Kwa hiyo sauti inayomsumbua mwalimu wa kwaya inaweza kuwa ndiyo mali ambayo mwalimu wa uimbaji wa peke yake angeitafuta. Inaweza pia kuwa unakaza koo. Kwa barua siwezi kuzitofautisha hizo mbili, na hakuna warsha ya mtandaoni ya watu arobaini itakayozitofautisha. Panahitajika mtu aliyekaa chumba kimoja na wewe, hatua nne mbele yako. Mjomba naye mjibu kwa heshima kwamba Bongo Fleva ni kazi ya watu, yenye ufundi wake, lakini inaimbwa maikrofoni ikiwa mdomoni. Ni fani nyingine, kama kushona suti na kushona mashuka.

Ningekuwa karibu nawe, tungetumia miezi sita kutengeneza rekodi mbili. Hapa ndipo ningeweka fedha na jasho.

Kwaya nyingi za kwetu zimeimba Aleluya ya Handel kwa Kiswahili. Ile ni kipande kimoja tu cha kazi kubwa inayoitwa Messiah, aliyoitunga mwaka 1741 na kuimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka uliofuata. Sehemu ya tatu ya kazi hiyo inafunguliwa na wimbo wa soprano peke yake, juu ya maneno ya Ayubu kwamba Mteteaji wake yu hai. Ni wa Kiingereza, hauna haraka, na haupandi kupita kiasi. Utafute huo. Wa pili uwe wa Kiitaliano, kati ya nyimbo fupi za Alessandro Scarlatti au Caldara ambazo wanafunzi wa kwanza hupewa duniani kote. Nota zake zinapatikana bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, maana watunzi hao walifariki karne tatu zilizopita na haki zao zimekwisha. Katika Kiitaliano una mtaji usioujua: irabu za Kiswahili ni safi, hazipindi katikati, na zinakaribiana sana na zao. Kuna wanafunzi wa Ulaya ya kaskazini wanaohangaika miaka kupata "a" unayoitamka wewe ukiagiza maji. Kazi yako itakuwa kutofautisha "e" na "o" zao za wazi na za kufumba, na kuzikalia konsonanti zao zinazoandikwa mbilimbili.

Ndiyo, nota za mistari lazima uzijue. Solfa yako si aibu, na mtu asikuambie ni ya kishamba. Ilienezwa Uingereza karne ya 19 na John Curwen, aliyejenga juu ya kazi ya mwalimu mmoja wa kike, Sarah Glover, na sikio linalosikia umbali kati ya doh na lah ni sikio lililofundishwa. Unachobakiza ni kujua doh imekaa mstari gani. Kwa nusu saa kila siku, miezi mitatu inatosha kukufikisha kwenye wimbo rahisi.

Siku ya kurekodi, ombeni kanisa au darasa wakati halina watu. Tabora usijaribu kuanzia Novemba hadi Aprili bila kutazama mawingu, kwa sababu mvua juu ya bati haina mpatanishi. Zimeni feni. Simu ikae kwenye kitu kisichotikisika, imelazwa kwa upana, mita tatu au nne kutoka ulipo, uonekane kuanzia magotini. Kinanda kipige sauti ya piano tupu, bila nyuzi wala ngoma. Na hapa nisikilize sana: wapiga kinanda wetu wengi wamezoea kupiga kwenye ufunguo mmoja, doh ikiwa palepale kwenye vidole, na kuihamisha kwa kitufe. Kitufe hicho kikae sifuri, na wimbo upigwe kwenye ufunguo ulioandikwa. Jopo litajua ndani ya nota mbili. Imba wimbo mzima bila kukata. Usiongeze mwangwi, usipake rangi sauti wala sura. Programu nyingi hukataa video iliyohaririwa, na wasikilizaji wake huamua mapema, mara nyingi kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Imba mara sita, chagua moja, uifute ile uliyokosea maneno hata kama nota ya juu ilikuwa tamu.

Baada ya hapo hayo mengine ni kazi ya wiki moja. Tovuti huihitaji sasa. Video mbili kwenye YouTube na ukurasa mmoja wa maandishi vinatosha, alimradi jina liwe moja kila mahali, lile lililo kwenye cheti cha kuzaliwa na litakalokuwa kwenye pasipoti. Wasifu nimekuandikia mfano: "Ni soprano kutoka Tabora, Tanzania. Ameimba kwenye kwaya ya parokia kwa miaka kumi na miwili. Anasoma solfa na nota za mistari, na kwa sasa anajiandaa na nyimbo za Handel na Scarlatti. Anaishi kwa ushonaji." Kama umewahi kuimba peke yako kwenye misa ya Pasaka, ongeza na mwaka. Usiandike "wa kimataifa" wala "malkia wa opera". Msomaji mzoefu akikutana na neno hilo huacha kuamini na yale ya kweli yaliyobaki. Na ushonaji usiufiche. Picha iwe ya kichwa na mabega, nguo ya rangi moja uliyoshona mwenyewe, kwenye kivuli cha mwembe saa tatu asubuhi. Ile ya studio yenye pazia la bluu iache kwa ajili ya vitambulisho.

Ukitaka kurekodi wimbo wa mtunzi wa kwetu aliye hai, mwombe ruhusa kwanza, kwa maandishi. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na watunzi wa kwaya wameumizwa sana kwa kuimbiwa nyimbo zao bila kuulizwa. Ukianza kulipwa kwa kuimba, muone Afisa Utamaduni wa halmashauri yako akuelekeze usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa.

Turudi kwenye ile warsha. Waandikie uwaulize: je, kuna mtu atakayenisikiliza nikiimba peke yangu, kwa dakika ngapi, na mtu huyo amefanya kazi gani kwenye klasiki? Vipindi vinarekodiwa, maana saa zao na zetu hazilingani na mtandao hukatika? Kuna punguzo kwa mshiriki wa Tanzania? Wakijibu kwa uwazi, na ukawa na rekodi mbili mkononi, mwakani ni warsha ya kufikiria. Wakikujibu kwa kukuharakisha, kwamba nafasi imebaki moja, waache. Vilevile jihadhari na yeyote anayekuahidi nafasi ya kuimba ng'ambo mradi utume fedha. Wakala wa kweli hulipwa asilimia ya malipo yako, mara nyingi 10 hadi 15, baada ya kazi kupatikana. Mashindano yanaweza kudai ada ndogo ya fomu, hilo ni la kawaida. Anayetaka akushikie pasipoti si mtu wa muziki.

Zile dola 250 ni zaidi ya shilingi laki sita. Kwa fedha hiyo, ukiipata polepole bila kuuza kitu, ningelipia masomo ya ana kwa ana. Anza hapohapo: uliza kwa mapadre na watawa waliosomea muziki, hata seminari ya Kipalapala, kama yupo anayeweza kukusikiliza mara mbili kwa mwezi. Kuna mitihani ya muziki ya ABRSM, bodi ya mitihani ya London, darasa la 1 hadi la 8, inayotambulika sehemu nyingi na inayokupa ngazi ya kupanda. Ukitaka masomo marefu, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira pale Usa River kinatoa shahada ya muziki, TaSUBa Bagamoyo inafundisha sanaa za jukwaani, na chuo cha muziki cha Dhow Countries Zanzibar, ingawa moyo wake ni taarabu, kinafundisha nota vizuri. Waandikie uulize nani anafundisha sauti mwaka huu, kwa sababu unafuata mwalimu kuliko jengo.

Kuhusu riziki nikuambie bila kuzunguka. Tanzania haina nyumba ya opera. Waimbaji wa klasiki ninaowajua hapa nchini wanaishi kwa mchanganyiko: kufundisha kwaya, kuimba harusini, tamasha moja au mawili ya Noeli na Pasaka, na kazi nyingine ya mikono au ya ofisini. Wanaotoka nje kwenda kusoma ni wachache, na si wote hudumu. Sikuandikii hivyo kukuvunja moyo. Ninataka uingie ukijua kwamba cherehani ndiyo mfadhili wako wa kwanza, itakayokulipia masomo mwezi baada ya mwezi.

Jambo la sauti kukauka ndilo lililonisumbua zaidi kwenye barua yako. Mayai mabichi na tangawizi havifiki kwenye nyuzi za sauti. Ukimeza, kifuniko cha koo hufunga njia ya hewa na kila kitu huteremka tumboni. Kingefika kwenye nyuzi ungepaliwa. Zinazozisaidia ni maji ya kutosha siku nzima, mapumziko katikati ya mazoezi, na kunyamaza unapochoka. Usinong'one, minong'ono ya kulazimisha nayo huzichosha. Kukauka siku mbili tatu kila baada ya mazoezi kunaonyesha kuna namna ya uimbaji inayokuumiza, na mwalimu wa sauti anaweza kuirekebisha. Lakini ukwaruzo ukipita wiki tatu, au ukisikia maumivu, au nota za juu zikipotea ghafla, acha kuimba uende Hospitali ya Kitete, uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, hata ikibidi Bugando, Mwanza. Nyuzi zikiota vinundu, vikigunduliwa mapema mara nyingi huisha kwa mapumziko na mazoezi maalumu bila kisu.

Mwalimu wako wa kwaya usimruke. Ameilea sauti hiyo miaka kumi na miwili bila kukutoza, na huenda anahofia pia kwamba sauti ya kwanza itabaki bila kiongozi kabla ya Pasaka. Nenda kwake siku isiyo ya mazoezi, umweleze kwamba unataka kujifunza kuimba peke yako na kwamba kwaya huiachi. Halafu mwombe akupigie kinanda kwenye ule wimbo wa Handel. Mwambie na habari ya kitufe cha kuhamisha doh, kwa adabu. Video ya kwanza ikiwa tayari niletee, hata kama kunguru wamesikika ndani yake.